Maji Chini ya Kiti

Kila Jumamosi asubuhi, kazi ya kuosha gari la mama ilikuwa ya Chapuchapu. Jina hilo alipewa na bibi yake, na wala hakuonewa. Msichana huyo alikuwa akipiga mswaki huku anavaa viatu, tena mara nyingine hata viatu vyenyewe havikuwa pacha.

Masharti ya kuosha gari aliyajua vizuri. "Nje mwaga maji upendavyo," mama alizoea kumwambia. "Ndani ni brashi na kitambaa kilichokamuliwa. Chini ya viti mna nyaya."

Jumamosi moja alikuta maziwa yamemwagika na kukauka chini ya kiti cha mbele cha abiria. Akasugua, wapi! Uani kwa jirani wenzake walikuwa wameanza kuruka kamba, na zamu yake ilikuwa inakaribia. Akatazama dirisha la jikoni. Mama hakuwepo. Basi akauvuta mpira wa maji, akauelekeza chini ya kiti na kufungulia. Maziwa yakatoka, naye akafuta juu juu na kukimbilia kamba. Nani angejua?

Siku chache baadaye, mama alipowasha gari, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Ilikuwa na alama ya mtu aliyeketi na mkanda kifuani. Kwa kawaida huwaka kidogo na kuzima. Safari hii ilikodoa tu.

"Makubwa haya!" mama akasema. "Na leo ndiyo siku ya kumpeleka bibi hospitali kufanyiwa upasuaji wa macho. Twende kwa fundi kwanza."

Bibi akapanda mbele, Chapuchapu akakaa nyuma. Njia nzima alikitazama kile kiti cha mbele na sakafu iliyokuwa chini yake.

Fundi umeme wa magari alikuwa na karakana ndogo kando ya barabara. Baada ya kusalimiana, alimshusha bibi, akamkalisha kwenye benchi kivulini. Kisha akachomeka kimashine chake cha kupimia chini ya usukani na kusoma.

"Kinasema hitilafu iko kwenye nyaya za mkanda wa abiria," alisema. "Taa hii si ya kupuuza, mama. Gari likigonga kitu, kuna kifaa kinachoukaza mkanda umshike mtu, na kuna mfuko wa hewa unaofumuka mbele yake. Taa ikiwaka hivi, huenda vyote viwili visifanye kazi."

Aliuvuta mkanda, akaufunga na kuufungua. Ukaitika vizuri. Akakagua fyuzi, nzima. Akakitikisa kiti mbele na nyuma, na ghafla taa ikazima.

"Imezima!" mama akashangilia. "Fundi, una mkono wa baraka."

Fundi akakuna kichwa. "Sijaitengeneza, mama. Waya umeguswa tu mahali fulani. Ni mrefu, unapita chini ya zulia mpaka kwenye dashibodi. Uniachie gari mpaka kesho nilifumue lote."

"Haiwezekani, daktari anatusubiri. Si imezima? Tutakwenda hivyo hivyo, nikirudi nitakuletea. Mama, njoo upande."

Bibi akainuka, akipapasa njia kwa fimbo, kwa maana macho yake yaliona ukungu mtupu. Chapuchapu alimtazama akikisogelea kile kiti. Taa imezima! Angenyamaza, mambo yangeishia hapo, na asingegombezwa na mtu. Lakini bibi hakujua lolote. Angekaa pale safari nzima akiuamini mkanda ule.

"Bibi, usipande!"

Wote wakageuka. Chapuchapu machozi yalishamtangulia.

"Ni mimi, mama. Nilimwaga maji hapo chini. Kwa mpira. Nilitaka niwahi kuruka kamba."

"Ulifanya nini?" Mama alishika kiuno. Lakini fundi alikuwa ameshapiga magoti.

"Mwache kwanza, mama. Huyu amenionyesha mlango. Maji yalipita wapi, binti?"

Chapuchapu akaonyesha kwa kidole. Fundi alitoa waya wa betri, akasubiri umeme ulale, kisha akakiinua kiti. Chini yake palikuwa na plagi ya manjano. Alipoichomoa, wote waliona kutu ya kijani imeota kwenye meno yake.

"Hii hapa! Ikitikiswa inagusa, barabara ikirusha inaachia."

Aliipulizia dawa, akaisugua kwa brashi laini, akaikausha na kuirudisha mpaka ikalia *ta!* Baada ya kurudisha waya wa betri, akawasha gari. Taa ikawaka kidogo, ikazima. Akakisukuma kiti mbele na nyuma, akakitikisa kwa nguvu zake zote. Haikuwaka tena. Akaifuta hitilafu kwenye kimashine, akapima upya.

"Safi kabisa. Mpandisheni bibi."

Chapuchapu akashusha pumzi ndefu. Bibi akacheka, "Alhamdulillahi! Leo uharaka wako umefanya kazi nzuri. Umenizuia kabla sijakaa."

Mama hakucheka. Alimvuta binti yake pembeni, akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Nimekasirika, sikufichi. Lakini sikiliza. Ungeniambia siku ile ile, tungeanika gari juani, mambo yakaisha. Maji hayakuwa hatari kama ukimya wako. Ulipoficha kosa, ulidhani unajikinga wewe, kumbe ulikuwa unamwachia bibi yako alibebe bila kujua."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe uliposema 'ni mimi', taa ikiwa imeshazima. Hapo hakuna aliyekulazimisha. Ukikosea tena, na utakosea, sema mapema. Kosa lililosemwa tunalirekebisha pamoja."

Chapuchapu alimsaidia bibi kupanda. Akauvuta mkanda taratibu, akaufunga, kisha akaujaribu mara ya pili.