Wetu ni Wenu

Siku hizi ukigonga mlango wa Mama Kidoti, usinune akikuuliza "Nani?" mara tatu kabla ya kufungua. Hakuwa hivyo. Zamani hodi yako ilikuwa haijatoka vizuri mdomoni, karibu yake imeshakufikia. Aliwakaribisha wauza mifagio, wasoma mita, hata paka wa jirani.

"Wewe siku moja utamkaribisha mwizi," mama mkwe wake alikuwa akimwambia, "kisha umuulize kama ameshiba."

Mama mkwe huyo ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Yeye na marehemu mumewe waliijenga tofali kwa tofali, na mtu akibisha hodi hakujua karibu, alijua "Nani?" tu. Mtaa mzima ulimwita Bibi Nani. Ulimi wake ulikuwa wembe. Lakini Mama Kidoti alikuwa ameona jambo ambalo majirani hawakuliona.

Mtoto wake wa miaka minne, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya alama nyeusi kwenye shavu la kushoto, alikuwa na mchezo na bibi yake. Akitoka kucheza uani alibisha mlango wa nyuma, na wote wawili walinong'ona, kwa kuwa mama alikataza pipi.

"Hodi."

"Nani?"

"Panya."

"Panya wa wapi?"

"Wa mfukoni mwako."

Hapo bibi hufungua, na mkono mdogo unazama kwenye mfuko wa gauni na kutoka na pipi. Mama Kidoti alisikia kila kitu kutoka jikoni na akajifanya kiziwi. Aliona kuwa mwanamke anayeweza kunong'ona hivyo hawezi kuwa mbaya hadi moyoni. Ila hata kwa Kidoti, neno karibu halikumtoka bibi huyo.

Jumamosi moja asubuhi Mama Kidoti alikuwa kwenye cherehani akipinda sketi za sare za shule, na mumewe, fundi wa lifti ambaye kila mtu alimwita Fundi, alizunguka vyumbani akipiga picha kwa simu. Walikuwa wakipanga safari. Dada yake Fundi aliyeolewa ng'ambo alikuwa amefiwa na mume huku ana mimba ya miezi sita. Alilia kwenye simu mpaka sauti ikakauka: njooni, mkae nami hata miezi mitatu. Lakini aliishi chumba kimoja. Ndipo mwenzake Fundi kazini akamwonyesha tovuti ya watu wanaobadilishana nyumba. Ninyi mnakaa kwao, wao wanakaa kwenu, kila mtu anarudi kwake.

"Na kitanda changu alale nani?" Bibi Nani aliuliza.

"Mama, hawa watu wanaaminika. Wana nyota tano."

"Nyota ziko juu, na aliyekwenda huko hajarudi kutusimulia. Mimi sikaribishi mtu."

Fundi akaisajili nyumba hivyo hivyo. Alimwachia mkewe simu aandike maelezo: dirisha la jikoni hufunguka ukilisukuma kwa bega, bomba la bafuni hulia kabla ya kutoa maji. Kabla hajamaliza, ujumbe uliingia.

*Hodi.*

Vidole vyake vikajibu vyenyewe. *Karibu!*

Mwanamke wa upande wa pili alituma picha za nyumba ya mawe, ndefu, yenye madirisha saba, katika mji uleule wa dada yake Fundi. Kulikuwa na chumba cha mtoto, kitanda kidogo kimetandikwa shuka jeupe, na chini ya kitanda sakafu tupu. Aliandika Kiswahili kilichonyooka, na Fundi akasema ni mashine inayotafsiri.

*Kwetu ni kwenu,* aliandika yule mwanamke. *Na nyie?*

*Kwetu ni kwenu pia,* Mama Kidoti akajibu. *Vyetu ni vyenu.*

Kisha: *Wenu ni wetu?*

Mama Kidoti akatabasamu. Maskini, alidhani, mgeni wa lugha, anachanganya vitu na watu. Akafikiria kumsahihisha, akaona aibu kwa niaba yake. Nani anapenda kusahihishwa siku ya kwanza? Basi kwa huruma akaandika vilevile alivyoandikiwa, ili mwenzake asijione amekosea.

*Wetu ni wenu.*

Jibu lilikuja kabla hajaweka simu chini.

*Tumepokea. Tutaanza na vidogo.*

Jumapili kikombe cha Kidoti hakikuonekana. Mahali pake kabatini palikuwa na kikombe cha kijivu, kizito, baridi kama kimetoka kwenye barafu. Fundi alimlaumu mama yake, eti ameanza vituko ili safari ivunjike. Mama yake akamwambia vituko anavyo yeye, anayetaka kuanika kitanda cha mama yake mbele ya dunia nzima. Walirushiana maneno mpaka chakula kikapoa.

Jumatatu viatu vya njano vya Kidoti vilipotea. Mlangoni palikuwa na soksi moja ya sufu, ndogo, imelowa.

Mama Kidoti alifungua zile picha. Chini ya kile kitanda kidogo kulikuwa na viatu vya njano.

"Vilikuwepo tangu mwanzo," Fundi alisema bila kuangalia vizuri. "Mke wangu, viatu vya njano vya watoto viko kila duka duniani."

"Cha kushoto kina uzi mweusi. Nilikishona mwenyewe."

"Basi usiangalie picha. Utatuharibia safari kwa woga wako."

Hakuwa amewahi kumsemesha hivyo. Akaenda kazini bila kuaga.

Ujumbe ulikuwa ukiingia kila mara. *Anapenda maji ya moto au ya baridi? Asivae soksi akilala. Usimsuke sana, nywele zinamuuma.* Mama Kidoti hakujibu. Jioni akimwogesha mtoto, Kidoti alisema, "Mama, ngazi ya tatu inalia."

"Ngazi gani? Sisi hatuna ngazi."

"Ya kule. Yule mama alinionyesha. Anajifunza kuongea kama wewe." Alipiga maji kwa kiganja. "Bado kidogo tu."

Asubuhi ya Jumanne Mama Kidoti aliandika: *Tumeahirisha. Tafadhali tusameheane.*

*Umeshakaribisha.*

*Nimesema hatuji.*

*Sisi ndio tunakuja.*

Akabonyeza ili amfute yule mwanamke. Tovuti ikamwandikia kuwa makubaliano yamekamilika. Akazima simu. Ikawaka yenyewe mezani, ikamwonyesha kile chumba cha mtoto. Shuka lilikuwa limekunjwa upande mmoja, kama linavyokunjwa mtu anapotakiwa kuingia kulala.

Alimpelekea mama mkwe wake simu. Alitegemea matusi. Bibi Nani alisoma yote kwa kidole, neno kwa neno, akarudi nyuma, akasimama kwenye *wetu ni wenu*.

"Hapa hukujua?"

"Nilidhani amekosea, mama. Nilimwonea huruma."

"Hakukosea." Bibi alimrudishia simu. "Na tangu lini mtu akabisha hodi bila kusema yeye nani?"

Mama Kidoti akaanza kulia. Bibi Nani hakumkumbatia, hakuwa mtu wa kukumbatia. Alikwenda chumbani kwake, akarudi na godoro, akalitandika sakafuni kando ya kitanda cha Kidoti. Alikuwa na goti bovu, na sakafu ilikuwa ya saruji.

Jumatano, saa nane mchana, jua linachoma. Kidoti alikuwa amelala usingizi wa mchana. Bibi alikuwa jikoni akikata vitunguu. Mama Kidoti alishona huku mlango wa chumba uko wazi, kila mshono anainua macho. Uzi ukakatika. Akainama kuutia kwenye sindano. Akainua macho.

Mtoto alikuwa amekaa kitandani.

"Umeamka, mwanangu?"

"Nimeamka, mwanangu," mtoto alisema.

Mama Kidoti akasogea. Akamgusa mkono. Ulikuwa wa baridi. Nywele ziko vilevile, mistari mitatu aliyoisuka asubuhi. Gauni lilelile. Mtoto akageuza uso dirishani.

Shavu la kushoto lilikuwa safi.

Alama ilikuwa kulia.

Simu ikawaka mezani. Hakutaka kuangalia. Akaangalia. Kwenye picha, kitandani, chini ya shuka jeupe, kulikuwa na mtoto amelala kifudifudi. Mistari mitatu ya nywele.

"Mama," alinong'ona. Alikuwa akimwita mama mkwe wake. "Mama, njoo."

Bibi alifika na kisu mkononi. Akamtazama yule wa kitandani. Yule wa kitandani akamtazama.

"Nani huyu bibi?" kiumbe kile kikauliza.

Ndipo mlango wa mbele ukagongwa. Taratibu. Chini, usawa wa mkono wa mtoto.

"Hodi."

Sauti ya Kidoti. Kabisa. Hata kale kakohozi kake.

Mdomo wa Mama Kidoti ukafunguka. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kiganja cha mama mkwe kikaufunika, kinanuka vitunguu, kikakaza mpaka meno yakauma.

"Nani?" Bibi aliuliza.

"Mimi, mama. Nifungulie. Nina baridi."

"Mimi nani?"

Mlango ukagongwa tena.

"Mimi nani?"

"Mimi wenu," ilisema. Sasa haikuwa sauti ya Kidoti. Ilikuwa sauti ya Mama Kidoti mwenyewe, ikitoka nje, huku yeye amezibwa mdomo ndani.

Kile cha kitandani kikacheka.

Hawakusogea. Cherehani ikaanza kwenda peke yake, gurudumu linazunguka, sindano isiyo na uzi inatoboa kitambaa. Kitasa cha mbele kikainama. Kikarudi. Kikainama. Na katikati ya kelele hizo, kwa mbali sana, kama mtu aliye chini ya maji, mlango wa nyuma ukaguswa.

"Hodi." Kwa kunong'ona.

Machozi yalikuwa yakimtoka Bibi Nani. Mama Kidoti hakuwahi kuyaona.

"Nani?" bibi alinong'ona.

"Panya."

"Panya wa wapi?"

"Wa mfukoni mwako."

Bibi aliondoa kiganja. Alimwangalia mkwewe usoni, kwa muda mrefu kidogo, kama mtu anayehesabu kilichobaki.

"Kule kwenye simu wameshakaribishwa na wewe," alisema polepole. "Ila mwenye nyumba mimi sijasema. Ndiyo maana wanagonga. Mtoto naye hawezi kuingia mpaka niseme. Na nikisema, milango yote miwili itasikia. Umenielewa?"

"Mama, usi..."

"Mfungulie mwanao. Usigeuke nyuma."

Akavuta shali yake ya kahawia mabegani, akachechemea hadi mlango wa mbele, akashika kitasa. Mama Kidoti akakimbilia mlango wa nyuma.

"Karibu," alisema Bibi Nani.

Milango ikafunguka pamoja. Kidoti aliangukia mikononi mwa mama yake, miguu mitupu, vidole vimekufa ganzi, alama nyeusi kwenye shavu la kushoto. Nyuma yao mama mkwe alikuwa akisema kwa ukali wake wa siku zote, "Rudi! Rudi nyuma! Nyumba kwa nyumba, mtu kwa mtu, si ndiyo? Haya, mimi ndiye wa huku." Mlango ukafungwa kwa kishindo. Cherehani ikasimama.

Mama Kidoti alipogeuka na kurudi chumbani, kitandani kulikuwa na shuka tu. Limelowa. Mtaani jua lilikuwa kali, wauzaji wa maji wanapita, na hakuna aliyemwona mwanamke yeyote akitoka.

Fundi alimtafuta mama yake kwenye vituo vya polisi na hospitalini kwa wiki tano. Hakumlaumu tena mtu. Siku moja tu mkewe alimkuta amekaa kwenye godoro la sakafuni, ameshika soksi ile ya sufu, akisema, "Nilimwambia nyota tano." Safari haikufanyika. Tovuti ilipofunguliwa, picha za nyumba ile hazikuwepo, ila moja tu: madirisha saba, na nyuma ya la saba, begani kwa mtu aliyegeuka, kitu cha kahawia.

Dada yake Fundi alipojifungua salama na kupata nguvu, alikwenda kwenye anwani ile, mtoto mgongoni. Aliikuta nyumba ya mawe, kuukuu, imefungwa. Majirani walisema haijakaliwa kwa miaka mingi. Alihesabu madirisha sita, na mahali pa la saba palikuwa pamezibwa kwa matofali. Hata hivyo aligonga.

"Nani?" sauti iliuliza ndani.

Aliijua. "Mimi, mama. Nimekuletea mjukuu umwone."

Alisikia ngazi ikilia, moja tu.

"Ondoka hapa," ile sauti ilisema, kwa ukali. "Na usije ukabisha hodi tena kwenye mlango huu."

Akaondoka akikimbia.

Mama Kidoti sasa hushona mifuko yote ya magauni ya binti yake mpaka ifungwe kabisa, uzi mara mbili, kwa sababu ya kile anachokikuta humo kila Jumatano mchana. Haisaidii. Saa nane ikipita, akipapasa, ndani ya mfuko uliofungwa kuna pipi moja, ya baridi, karatasi yake ina maandishi asiyoyajua. Huzika kila moja uani, na kila mara husema asante, maana hajui kunyamaza mtu anapomtendea wema.

Jumatano iliyopita pipi zilikuwa mbili. Ya pili haikuwa na karatasi. Ilikuwa imeshang'atwa, na alama za meno zilikuwa za mtoto, si za Kidoti.