Mvumo Usiovuka Daraja

Saa saba na dakika kumi mchana, Ijumaa moja ya Agosti 1993, Mzee Cirilo, mlinzi wa shule ya muziki mjini Ciudad del Este, mpakani na Brazili, alimfungulia Zunilda Benítez stoo. Kinubi cha marehemu Mzee Anselmo Rotela, aliyekuwa mwalimu wa kinubi shuleni hapo, hakikuwepo. Kufuli halikuwa na hata mkwaruzo.

Kufikia saa tisa, Inspekta Ovelar alikuwa ameshamtia mlinzi pingu. Funguo zilikuwa mbili tu: wa Cirilo na wa Evelio, mwana wa marehemu. Cirilo alisema tangu saa sita kasoro robo hadi saa saba alikuwa kwake akila muhogo, na aliyekula naye ni paka. Evelio yeye alileta kanda. Alidai muda huo alikuwa ng'ambo ya daraja, Foz, upande wa Brazili, jikoni kwa binamu yake, akijirekodi kwa kinubi cha huyo binamu. Katikati ya nyimbo, redio ilitangaza kwa Kireno saa saba kamili, yaani saa sita ya upande huu. Binamu naye alipopigiwa simu aliapa kuwa ni kweli.

"Redio ya Foz inashika hata hapa," Zunilda alisema kwa sauti ndogo.

"Na paka haapi mahakamani, dada," Ovelar alijibu. Jioni mzee angepelekwa gerezani.

Zunilda hakuwa mtu wa kubishana. Kazi yake ilikuwa kupatanisha nyuzi za vinubi. Aliomba kanda irudiwe, akainamisha kichwa. Chini ya muziki palikuwa na mvumo mzito usiokatika. Mzee Anselmo aliwafundisha wote kuanza na mvumo wa friji: uzi wa noti ya Sol ukikubaliana nao, nyuzi zilizobaki zitafuata. Na kila mwanafunzi aliyeifanya kazi hiyo Foz alirudi na aibu, kinubi kimepanda sauti, wapiga gita wakimcheka.

Akaichukua redio kaseti hadi jikoni kwa walimu, wote wakimfuata.

"Kaka Evelio, hili linalovuma ni friji la binamu yako?"

"La nani tena? Nikuletee na barafu yake?"

Ovelar alicheka. Zunilda akaweka redio kaseti kando ya friji la shule, akabonyeza. Mivumo miwili ikaingiana, ikawa mmoja.

"Umeme wetu huenda na kurudi mara hamsini kwa sekunde," alisema, macho chini. "Wa Brazili, mara sitini. Bwawa la umeme ni moja kwa nchi zote mbili, ila mitambo ni tofauti. Ukienda haraka zaidi, friji huvuma juu zaidi. La Foz lingepanda kutoka Sol hadi karibu na noti ya Si. Hili la kwenye kanda ni la upande huu."

"Labda kanda inazunguka polepole," Evelio alisema.

"Basi mtangazaji angeunguruma kama fahali."

Ovelar akairudisha kanda. Mtangazaji alisema kama watu wote wasemavyo. Inspekta hakucheka tena. "Bwana Evelio, kwako ni mbali na hapa?"

Palikuwa mitaa miwili tu. Evelio alikaa juu ya kreti la chupa.

"Nilikibeba tangu nina miaka saba," alisema. "Kila harusi, kila msiba. Akafa, kinubi akaiachia shule. Mimi mwanawe akaniachia kofia."

Zunilda alitaka kumshika bega, akashindwa.

Walikikuta jikoni kwake, kimefunikwa shuka. Cirilo, aliyekwisha kufunguliwa pingu, akisugua vifundo vya mikono, alinung'unika kwamba paka wake anastahili kuombwa radhi. Zunilda aligusa uzi wa Sol. Ulikubaliana na friji lililokuwa kando yake. Evelio alikuwa ameshakipatanisha, kama baba yake alivyomfundisha.