Bitana ya Simu

Cherehani ilikuwa imeshatoka. Ilikuwa juu ya mkokoteni, imefungwa kamba na kufunikwa shuka. Sasa walikuwa wanatoa mabegi.

"Haraka, mdogo wangu," Dada alisema. "Mkasi umechukua?"

"Nimechukua."

"Pasi?"

"Pasi mume wangu aliivunja."

Dada hakuuliza iliangukia wapi. Alitazama mkono wa mdogo wake, akaona kovu, akageuza uso.

Huyu mdogo tumwite Sindano, maana ndivyo walivyomwita nyumbani. Alikuwa mwembamba na kazi yake ilikuwa kushona. Mumewe alikuwa kazini. Akirudi kula mchana, atakuta chumba hakina cherehani wala mke. Jirani mmoja alichungulia, kisha akafunga pazia lake taratibu. Kelele za chumba kile alikuwa amezisikia vya kutosha.

Binamu yao, fundi wa rangi mwenye maneno mengi, ndiye aliyesukuma mkokoteni. Siku hiyo hata yeye alinyamaza. Walipofika kwenye lori la mizigo ndipo alipofungua mdomo.

"Tukiulizwa, tunahamisha cherehani. Sindano ni kipuri chake."

Sindano alicheka, kisha akalia. Lori likaondoka.

Mji mpya ulikuwa mbali. Dada alikuwa amepanga chumba cha juu kabisa katika jengo refu. Dirisha lilitazama tangi la maji. Waliweka cherehani juu ya meza chini ya dirisha, na Dada akatoa masharti.

"Namba mpya ya simu. Akaunti mpya. Nenosiri ambalo yeye hajawahi kulijua. Na usimwambie mtu tulipo. Alisema akikupata atakumaliza, na mimi ninamwamini. Akitupata hapa hatuna pengine pa kukimbilia."

"Nimekuelewa, dada."

Sindano alifanya yote hayo. Namba ya mumewe aliifuta na kuizuia. Lakini namba za wateja alihama nazo zote. Angewaachaje? Kazi yake iko kwao. Tena alikuwa na mtindo wake. Mteja hakumwandika kwa jina kwenye simu. Alimwandika kwa nguo na kipimo: "Gauni Zambarau, kifua 40." "Sketi ya Bibi, urefu mpaka chini." Mteja akipiga tu, Sindano anajua pa kukata kitambaa.

Katika jengo lile mwenye nyumba aliweka waifai ya wapangaji wote. Sindano aliitumia kuwasiliana na wakili. Wakili huyo alikuwa akimwombea amri ya mahakama, mumewe asimsogelee. Kila alipofungua barua ya wakili, Sindano aliinamisha simu, kana kwamba kuna mtu nyuma yake.

Binamu alikuja kuwaona, akagundua.

"Unaogopa waifai ya watu wote? Weka VPN, ile programu ya kukuficha mtandaoni. Unapotea kabisa! Hata mimi hapa nitaanza kukutafuta."

"Naipata wapi?"

"Sogeza simu nikurushie. Ninayo, ya bure. Mimi nami nilirushiwa na jamaa kazini."

Ndivyo familia ile ilivyozoea. Programu hawakuzipakua. Walirushiana, simu kwa simu, ili bando lisiishe. Programu ikafunguka na ngao nzuri ya kijani. Ikaomba ruhusa hii, ikaomba ile. Sindano akabonyeza "Ruhusu", "Ruhusu", "Ruhusu", kama mtu anayefukuza nzi.

"Umeshapotea," Binamu alisema. "Kwaheri."

Siku chache zilipita. Asubuhi moja simu ya Sindano ilianza kulia mfululizo.

Gauni Zambarau aliandika: "Fundi! Kumbe hii ndiyo namba mpya?" Sketi ya Bibi aliuliza: "Mwanangu, hiki ulichonitumia ni kitu gani?" Sindano hakukumbuka kumtumia mtu chochote. Lakini alifurahi. Wateja hawajamsahau.

Kisha ikaingia nyingine. Ilitoka kwa Suruali Bluu, kiuno 36.

"Fundi, nina nguo ya kupunguza. Siku hizi uko wapi?"

Sindano akaanza kuandika. Karibu sana. Tupo jengo lenye tangi la maji, ghorofa ya juu kabisa, mlango wa

"Unachekelea nini?" Dada aliuliza. Alikuwa anatia pindo kwa mkono.

"Mteja. Suruali Bluu."

"Suruali Bluu ndiyo nani?"

"Hata sura yake siikumbuki. Kiuno thelathini na sita. Yule aliyetaka mfuko wa ndani, wa siri, akakaa pale kwenye benchi mpaka..."

Hakumaliza. Kidole gumba kilikuwa juu ya neno "Tuma".

Alikumbuka mfuko. Alikumbuka benchi. Alikumbuka mwanamume anayecheka, aliyerudi kesho yake bila nguo ya kushona, akakaa tu. Hiyo ilikuwa namba yake ya kazini. Sindano aliihifadhi kabla mtu huyo hajawa mume wake, na hakuitazama tena.

"Dada. Ni yeye."

Dada aliinuka, pindo likaanguka. "Umetuma?"

"Sijui."

"Umetuma au hujatuma?"

Walitazama pamoja. Maneno yalikuwa bado chini, hayajaenda. Dada aliyafuta herufi moja moja. Alipofuta ya mwisho, simu ikaita. Kwenye kioo kulikuwa na maneno mawili: Suruali Bluu. Waliiweka mezani. Ilitetemeka kati ya pini, ikasogea, ikasogea, mpaka ikafika ukingoni. Hakuna aliyeigusa. Ikanyamaza.

Dada alifunga mlango kwa komeo, akavuta na meza mpaka mlangoni.

"Ameipataje namba? Tuko watu watatu tunaoijua. Watatu na wakili."

"Binamu hawezi kunisaliti."

"Sijasema amekusaliti. Nauliza ameipataje."

Kwenye ghorofa ile aliishi mama mmoja anayetunza kompyuta za hospitali. Wapangaji walimpa jina Bi Nenosiri, kwa sababu waifai yake mwenyewe hakumpa mtu hata kwa kubembelezwa. Dada alimfuata. Mama huyo alikuja na kanga mabegani, akasikiliza bila kukatiza.

Sindano alinyoosha mkono afute ile meseji. Bi Nenosiri akamzuia.

"Usifute! Ipige picha kwa simu ya dada yako. Wakili ataitaka. Sasa zima mtandao, uweke simu hapa. Mwanangu, ukishika koti la mtumba unaangalia wapi kwanza?"

Sindano alishangaa swali. "Ndani. Mishono. Bitana."

"Mbona huangalii nje?"

"Nje wanapiga pasi. Uchafu wote uko ndani."

"Hii VPN uliigeuza ndani?"

"Niliona ngao tu."

"Basi tuigeuze."

Alifungua mipangilio ya simu, akaenda kwenye programu ile, akafungua ukurasa wa ruhusa. Akamwonyesha kwa kidole. Imeruhusiwa kusoma namba zote zilizohifadhiwa. Imeruhusiwa kutuma meseji. Imeruhusiwa kujua mahali simu ilipo.

"Kazi ya VPN haihitaji namba za watu wala meseji zako. Hii imechukua namba zako zote, ikamwandikia kila mtu: karibu utumie programu hii. Imeandika kwa namba yako mpya. Na yeye yumo humo ndani ya suruali yake."

Sindano alishika ukingo wa meza. "Imemwambia nilipo?"

"Mwaliko huu nimeusoma. Una kiungo tu, hauna mahali. Lakini mwenye programu ni nani? Hakuna jina, hakuna anwani. Amechukua nini kingine na amempa nani, siwezi kukudanganya kwamba najua."

Mtandao ulikuwa umezimwa, lakini simu ya Sindano ilikuwa bado inaweza kupigiwa. Ikaita. Namba ngeni. Dada alibonyeza spika.

"Haloo, nina mzigo wa fundi cherehani," sauti ya kijana ilisema. "Nielekezeni nilete."

"Umetoka kwa nani?"

Kwa mbali, nyuma ya kijana, sauti ya mtu mzima ilinong'ona. Sindano aliijua sauti ile. Alijibana ukutani.

"Kwa... kwa shangazi yake."

"Sawa, mwanangu," Dada alisema, baridi kama maji ya mtungi. "Upeleke kituo chochote cha polisi, uwaachie jina lako na la aliyekutuma. Sisi tutaufuata huko."

Simu ikakatwa.

Kisha Bi Nenosiri akavuta kiti.

"Hajui mlipo. Angejua asingeuliza njia. Tufanye kazi."

Aliwaambia wanakili picha na namba za muhimu, kisha wafute kila kitu kwenye simu, irudi kama ilivyotoka dukani. Hakuamini kwamba kuondoa programu peke yake kungetosha, kwa simu kama hii. Laini ikabadilishwa tena. Manenosiri yakabadilishwa, tena kwa kutumia simu ya Dada. Wakili akapewa picha za meseji na habari ya kijana wa mzigo.

Binamu alifika jioni, kichwa chini.

"Niliirusha kwa nia njema."

"Nia yako haina ubaya," Bi Nenosiri alisema. "Simu yako ndiyo mbaya. Ilete."

"Kumbe VPN ni uongo mtupu?"

"Si uongo. Nisikilizeni nyote. Sindano, bitana inafanya kazi gani?"

"Inafunika mishono."

"Nani anaijua mishono iliyofunikwa?"

"Aliyeshona bitana."

"Ndiyo VPN hiyo. Mwenye waifai ya jengo anaweza kuona unatembelea kurasa za nani. Ukiwa na VPN haoni. Lakini mwenye VPN sasa ndiye anayeona. Umehamisha imani yako kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Kwa hiyo mjue ni nani."

"Nitamjuaje?" Dada aliuliza. "Wote wana ngao."

"Uliza maswali ya kawaida. Kampuni ina jina, anwani na watu wanaojulikana? Wameandika waziwazi wanaweka kumbukumbu gani zako na wanaweka kwa muda gani? Wamewahi kuita wakaguzi wa nje wawakague, na matokeo wakayaweka hadharani? Wanapata wapi fedha?"

"Hapo mimi nilijua jibu," Binamu alidakia. "Bure."

"Bure wanakula nini? Kompyuta zao zinakula umeme. Asipokuuzia huduma, pengine anakuuza wewe. Zipo za bure zinazofaa. Ni za kampuni zinazouza pia huduma ya kulipia, wanakuonjesha kidogo. Na mtu akikuahidi kwamba utapotea kabisa, mkimbie."

Binamu alijikuna kisogo. "Mimi ndiye niliyeahidi."

"Ndiyo maana nakutazama hivi."

Sindano aliuliza polepole: "Nikiwa na ile nzuri, yeye hataweza kuniona?"

"VPN haifichi namba yako ya simu. Haifichi picha uliyoiweka mwenyewe, yenye tangi la maji dirishani. Haimzuii mtu anayejua nenosiri lako. Ukiiruhusu programu nyingine kujua mahali ulipo, itajua tu. Ile inafunika njia, basi. Mengine funika wewe. Na kabla ya kuitumia, ulizeni sheria ya hapa inasemaje, kuna nchi zinazizuia."

Dada akamuuliza wakili. Wakili akasema hapa inaruhusiwa.

Sindano hakufanya haraka. Alisoma kuhusu huduma tatu, kama anavyopima kitambaa. Moja haikuwa na anwani, akaitupa. Ya pili ilisema inaweza kuwapa "washirika" taarifa za watumiaji, akaitupa. Ya tatu ilikuwa ya kampuni inayojulikana, imekaguliwa, na ripoti ya ukaguzi aliikuta kwenye tovuti yao, wazi kwa kila mtu. Aliipakua kwenye duka rasmi la programu, akalinganisha jina la mtengenezaji herufi kwa herufi, maana zipo za kuigiza. Iliomba ruhusa ya kuunganisha mtandao tu. Akawasha na kile kitufe kinachokata mtandao VPN ikikatika. Kisha akaigeuza tena, akaangalia ruhusa zote.

"Bitana safi," alisema.

Wakati huo, meza bado ilikuwa mlangoni. Ilikaa hapo mpaka mahakama iliposikiliza shauri. Meseji za Suruali Bluu zilisomwa mbele ya hakimu, na kijana wa mzigo alipatikana, akasema aliyemtuma. Amri ikatolewa: asimsogelee Sindano wala mashahidi wake.

Mume alivunja amri hiyo mara moja, kwenye mji wa zamani, alipokwenda kumtisha jirani wa pazia, aliyetoa ushahidi. Alikamatwa. Yuko kizuizini. Kijana wa mzigo alirudi kwenye pikipiki yake. Binamu anapaka rangi, na programu harushi wala harushiwi. Bi Nenosiri alihamishiwa hospitali nyingine, na hakumwachia mtu nenosiri lake. Dada bado anatia pindo kwa mkono. Sindano ana wateja wengi na pasi mpya. Vipimo vyao viko kwenye kadi, ndani ya kopo la vifungo. Kwenye simu anawaandika kwa majina yao. Meza imerudi chini ya dirisha.