Mara ya Pili ni Yako

Rafiki yangu mmoja huandika programu za kompyuta katika ofisi moja. Mkewe, karani wa ofisi hiyohiyo, alikuwa na mazoea ya kubonyeza kitufe cha kutuma barua mara mbili. "Ya kwanza ya kompyuta," alimtania, "ya pili yako wewe, baba watoto."

Wiki tatu baada ya mazishi ya mkewe, bosi alimwagiza aiongezee programu ya barua amri za kujiendesha, ili kazi ya marehemu isihitaji mtu tena. Aliimaliza mchana, roho ikimuuma kana kwamba anamzika upya. Akachomoa kibodi ya mkewe, akaikumbatia.

Umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Giza likawa totoro.

"Nisamehe, mama watoto."

Kifuani pake, waya ukining'inia, kitufe cha kutuma kikazama chenyewe, ta. Kimya.

Kisha kikazama tena.