Barua ya Tatu

Mughwai aliondoka Singida Jumanne moja ya mwezi wa kumi, mwaka 1966, kwa basi la asubuhi kwenda Tanga. Alivaa koti la kijivu ambalo Theodora, mchumba wake, alikuwa amelikaza vifungo jana yake. Stendi ilijaa matenga ya kuku na watu wanaogombea viti.

"Fundi, usilie," Mughwai alimtania kutoka dirishani.

"Nani analia? Vumbi hili."

"Nikirudi nisimkute mtu kwenye benchi langu."

"Nenda, msafiri. Lete barua."

Kwenye benchi hilo ndipo walipojuana, kwenye baraza la duka karibu na soko, Theodora alikokuwa akishona. Mughwai alileta suruali iliyochanika goti, akajifunga shuka, akakaa kuisubiri huku akisimulia Tabora, Mwanza na mashamba ya mkonge ya Tanga, kote alikofanya kazi miaka saba. Baadaye baba yake, mzee Alute, alipeleka posa kwa kina Theodora huko Mungaa. Ikakubaliwa, na ng'ombe wa mahari wakapelekwa.

Padri alitaka barua kutoka kila parokia alikowahi kukaa Mughwai, kuthibitisha kwamba hakuacha mke wa ndoa huko. Tabora walijibu. Mwanza walijibu. Tanga kimya. Mwishowe padri akasema Mughwai aape mbele ya mashahidi wawili, yatosha. Aliyekataa ni Theodora. Alikuwa amesikia mengi juu ya wanaume wa mkonge.

"Huniamini?" Mughwai alimwuliza.

"Nakuamini. Nataka na barua."

Siku ya kumi na moja baada ya basi kuondoka, Theodora aliitwa ndani ya duka kupokea simu.

"Theo, paroko amekwenda vigangoni. Atarudi wiki ijayo."

"Mbona sauti imekukauka?"

"Homa kidogo. Mbu wa huku hawajanisahau."

Theodora alitaka kumwambia arudi.

"Msubiri basi," akasema.

"Namsubiri, fundi wangu."

Barua ilifika mwishoni mwa mwezi uliofuata. Padri alimwita Theodora ofisini, akamsomea polepole. Vitabu vyote vimetazamwa. Mughwai hakuwahi kufunga ndoa huko, yuko huru kuoa. Chini yake, kwa tarehe ya siku sita baadaye, mkono uleule ulikuwa umeandika kwamba amefariki kwa malaria na amezikwa hapohapo misheni.

Theodora alishukuru. Akaomba akae na ile barua. Padri akasema ni ya parokia. Akarudi barazani, akamalizia sare mbili za shule zilizokuwa zikingojewa.

Matanga yalipokwisha, mzee Alute alikuja barazani na mwanawe wa pili, Damiani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wazazi wako nimeshawaona. Mimi sitaki kudai ng'ombe, wala sitaki kukupoteza. Huyu hajapata kulala nje ya kijiji chetu."

Damiani alikuwa akitazama viatu vyake.

"Kwangu padri hahitaji barua, shemeji," akasema.

Kama ulikuwa mzaha, hakuna aliyecheka. Theodora aliitazama shingo yake, ndefu kama ya kaka yake.

"Hupendi kusafiri?"

"Sijui. Sijajaribu."

"Usijaribu," Theodora akasema, akageuza kitambaa upande wa pili.

Tangazo lao la kwanza la ndoa litasomwa Jumapili hii, katika misa ya pili.