Sanduku la Mtoto wa Kilo Kumi na Tatu

Sanduku lilikuwa kwenye rafu yake, na kibandiko chenye jina la mtoto hakikuwa kimeguswa. Lilipofunguliwa ili mama yake apewe dozi ya wiki, ndani mlikuwa na magazeti yaliyokunjwa.

Inspekta alifika kituo cha afya saa tatu asubuhi. Kufuli ya stoo ilikuwa nzima. Nondo za dirisha zilikuwa na vumbi la siku nyingi.

"Dawa gani?" aliuliza.

"Ya kifua kikuu, ya watoto," mfamasia alijibu. "Vidonge vinayeyuka kwenye maji, vina ladha ya matunda. Mtoto anakunywa kama juisi. Shehena nyingine inakuja baada ya wiki tatu."

"Huko nje inauzwaje?"

"Nani anunue, afande? Hapa tunatoa bure."

Inspekta aliacha kuandika. Miaka ishirini kazini, hakuwahi kukutana na mwizi wa kitu cha bure.

"Na huyu mtoto atakunywa nini?"

"Tutavunja vya watu wazima, tusage, tukisie. Ni vichungu kama shubiri. Akitapika nusu, hatujui kimebaki kiasi gani." Mfamasia alishusha sauti, maana mama mwenyewe alikuwa amekaa hapo nje, mtoto mapajani.

Funguo walikuwa nazo watu watatu: mfamasia, mfagiaji, na sista wa kliniki ya kifua kikuu, ambaye kina mama walimwita Mama Ushauri.

Inspekta alianza na mfagiaji. Ndivyo alivyozoea, kuanza na aliye chini. Alimsimamisha ukumbini, mbele ya mabenchi yaliyojaa wagonjwa.

"Mwaga mkoba."

"Afande, twende ndani basi."

"Unaficha nini? Mwaga!"

Vikatoka kitana, kitambaa, bahasha ya vidonge na kadi. Inspekta aliinua kadi akaisoma kwa sauti, kama anavyosoma kielelezo mahakamani. Mfagiaji alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu. Vidonge vilikuwa vyake, vya mtu mzima.

Benchi la mbele likajisogeza lote.

"Ametumia dawa miezi minne," mfamasia alisema haraka. "Hamwambukizi mtu."

Hakuna aliyesikiliza. Mama Ushauri alikuwa mlangoni, barakoa usoni, macho sakafuni. Mfagiaji aliokota vitu vyake kimoja kimoja, akatoka bila kuaga. Inspekta alihisi masikio yakiwaka moto, akajidai anaandika.

Stoo ndiyo iliyompa jibu. Masanduku ya watoto yalikuwa matatu, ya mtoto wa kilo sita, wa kilo tisa na wa kilo kumi na tatu. Lililoibiwa ni la kilo kumi na tatu.

"Vidonge si ni vilevile?"

"Ni vilevile, ila idadi hufuata uzito," mfamasia alisema. "Aliyechukua alijua anamtibu mtoto wa kilo ngapi."

"Mtoto akinywa hii dawa, utamjuaje?"

"Mkojo unageuka rangi ya chungwa."

Alasiri Inspekta alikwenda kwa Mama Ushauri kuchukua maelezo. Uani palikuwa na kamba ya nguo. Chupi tatu za mtoto zilikuwa zimefuliwa, lakini doa la rangi ya chungwa lilikuwa halijatoka. Mvulana wa miaka mitatu alichungulia nyuma ya gauni la bibi yake.

"Mjukuu?"

"Ndiyo. Mama yake anafanya kazi mbali."

"Ana kilo ngapi?"

"Kumi na tatu," sista alijibu papo hapo, kama anayesoma mizani ya kliniki. Kisha akafumba mdomo.

Inspekta alimwonya kisheria kwamba halazimiki kusema. Sista akakaa kizingitini.

"Nimechukua mimi."

"Ungemwandikisha tu, sista. Ungepewa!"

"Nikimwandikisha, daftari linauliza: nani nyumbani anakohoa?"

"Nani anakohoa?"

Alitaka kujibu, kikohozi kikamtangulia. Kilimkunja mpaka akashika ukuta. Inspekta alirudi nyuma hatua mbili kabla hajajua amefanya hivyo, na sista aliziona.

"Umeona?" alisema. "Kila Jumatatu nasimama mbele ya kina mama nawaambia ugonjwa huu si aibu. Wananipigia makofi. Nikirudi hapa nakohoa kwenye mto, jirani asisikie. Miezi mitatu sasa. Mimi ndiye niliyemwambukiza, afande. Mimi, ninayewafundisha."

"Na mfagiaji? Ulikuwa umesimama pale."

"Neno moja lingetosha." Alijifuta macho kwa mkono wa gauni. "Nilihesabu vigae vya sakafu mpaka akatoka."

Inspekta alifunga daftari lake. Hakumwamuru sista amwage mkoba.

Vidonge vilivyobaki vilitosha kuwafikisha watoto wote wawili kwenye shehena mpya. Jioni hiyo mjukuu aliandikishwa, bibi yake akapimwa makohozi, kisha akaandika maelezo ya kukiri kwa mkono wake mwenyewe.

Kulibaki nyumbani kwa mfagiaji, na huko Inspekta alikwenda peke yake. Mfagiaji alikuwa anafunga godoro kwa kamba. Habari zilikwisha kumfikia mwenye nyumba, naye alikuwa amemtaka ahame.

"Nimekuja kukuomba radhi, dada."

"Hapa? Tuko wawili tu hapa." Alikaza fundo kwa meno. "Kadi yangu uliisomea wapi?"

Jumatatu mabenchi yalijaa tena. Inspekta alisimama ukumbini akavua kofia. Alianza, "Siku ile, hapa hapa..." akakwama. Watu wakageuka kumtazama, hata watoto, na mlangoni mfagiaji alikuwa amesimama na mzigo wake, hajaamua kama ataingia. Inspekta akakohoa kidogo kusafisha koo, benchi la mbele likajisogeza, naye akaanza upya.