Nakala Ambayo Haikuwashwa

Kila siku akirudi kutoka shuleni, Latifa alimkuta mama yake, Kulthumu, akidarizi katika chumba cha mbele cha nyumba yao, mtaa wa Musinzira, mjini Gitega. Mashine ya kudarizi iliongozwa na kompyuta ya zamani. Maua yote na majina yote ya maharusi yalihifadhiwa humo. Wiki ile kompyuta ilianza kugonga kwa ndani, tik, tik, tik. Latifa alikuwa na miaka kumi na mitatu na, kwa maelezo yake mwenyewe, alijua kila kitu chenye waya. Akasema ni diski inataka kufa.

Programu ya kudarizi iliwekwa na fundi aliyehama zamani, na hakuna aliyejua kuiweka upya. Kunakili mafaili peke yake kusingesaidia. Ilibidi diski nzima inakiliwe kwenye diski mpya, ili ya zamani ikifa, kompyuta iwake kwa ile mpya na kazi iendelee. Mama alinunua diski, akampa binti yake kazi ya kutafuta programu ya kunakili.

Latifa aliangalia programu tatu. Ya kwanza ilidai malipo. Ya pili ilikuwa na rangi za kupendeza na ilijisifu kwa kasi. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, imejaa maandishi, tena ilitaka kuwashwa kutoka kwenye flashi. Akachagua ya pili. Ilipomwonyesha vipande vya diski, aliona kimoja kidogo kisicho na jina wala faili. Akakiacha nje ili kazi iishe upesi. Maelekezo ya mwisho yalisema weka diski mpya, washa, jaribu. Lakini rafiki yake Farida alikuwa mlangoni akimwita wakacheze.

"We Latifa, kopi iko tayari?" mama aliuliza jioni.

"Iko, mama."

"Uliijaribu? Ordinateri iliwaka nayo?" Mama alionyesha kompyuta kwa kidole.

"Iliwaka," alijibu Latifa, macho yakiwa kwenye sahani.

Jumamosi asubuhi walisafiri kwenda Muyinga na mashine yao, kompyuta na diski mpya. Kawaida ya Kulthumu ilikuwa kudarizi nyumbani kwa bi harusi, mbele ya shangazi zake, kwa sababu ua likichaguliwa na wote hakuna wa kulalamika baadaye. Gauni la Hidaya, bi harusi wa siku hiyo, lilitakiwa kuwa tayari kabla ya Magharibi, aje apakwe hina akiwa amelivaa.

Njiani Latifa hakutulia. Huenda diski itawaka. Huenda haitawaka. Alishusha kioo cha gari, akakipandisha, akakishusha tena, mpaka dereva akamgeukia.

Nyumbani kwa Hidaya kompyuta ilikataa kuwaka mara mbili, ya tatu ikawaka, ikigonga kwa nguvu. Shangazi mmoja akashtuka. "Iyo kitu iko na homa?"

Mama akacheka. "Ikufe tu! Mtoto wangu alitengeneza kopi na akaijaribu. Huyu hanidanganyagi."

Latifa aliikimbilia kompyuta. "Mama, zima! Tafadhali zima!"

"Iko nini?"

"Sikuijaribu. Nilikudanganya. Ikikufa sasa, maua yote yatapotea."

Mama akazima, akaweka diski mpya, akawasha. Kioo kilibaki cheusi. Mama alichukua diski zote mbili pamoja na kompyuta, wakaenda haraka kwa Imtiaz, mwenye duka la kompyuta karibu na soko.

"Ulichagua ile programu kwa sababu gani?" Imtiaz alimwuliza Latifa baada ya kuelezwa yote.

"Iko na rangi nzuri, tonton," alijibu, akimwita mjomba kwa adabu. "Na iko haraka."

"Bon. Ile kipande kidogo uliiacha, ndiyo inaambia ordinateri namna ya kuamka. Siku ingine uliza: inanakili diski yote? Inavumilia diski mgonjwa? Na kopi yake inawaka? Rangi utaangalia mwisho."

Akachagua ya kijivu. Ilinakili kila kipande, na ilipokuta mahali palipoharibika iliparuka, ikaparudia baadaye. Latifa alikaa, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi.

"Kaa," alisema Imtiaz. "Ukikaa haitaenda pole zaidi."

Baada ya saa mbili na nusu kazi ilikwisha. Imtiaz aliweka diski mpya, akamwambia Latifa awashe. Kompyuta ikawaka, maua yote yakatokea.

"Zima. Washa tena," alisema Imtiaz. Ikawaka tena. Walipoijaribu ya zamani, haikuonekana kabisa. Ilikuwa imekufa.

Waliporudi, Hidaya alikuwa amekasirika. Mama akamsukuma Latifa mbele. "Anauliza kwa nini gauni imechelewa. Mi sitamujibu. We utamujibu."

Latifa alieleza yote, hata Farida na michezo.

"Na ni nani alisema muzime?" Hidaya aliuliza.

"Ni mi, dada."

Hidaya akalikunjua gauni. "Basi kuja unishikie kitambaa."

Mashine ilianza kudarizi. Mama alizungumza huku macho yakifuata sindano. "Kukosea kuchagua programu si kitu. Hata mi nimeshakata vibaya vitambaa vya watu. Lakini nilikuuliza ili nijue kama naweza kusafiri. Ungesema bado, ningengoja. Ukasema iliwaka, nikabeba harusi ya watu juu ya neno lako. Kazi hujaijaribu, usiseme imeisha."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini kuanzia leo nitakuuliza mara mbili, na nitakuja kuangalia mwenyewe."

Maneno hayo yalimuuma Latifa kuliko kofi. Alikuwa amezoea kuaminiwa.

"Kuja uangalie, mama," alisema, akikaza kitambaa ili sindano ipite sawasawa.